Kabla ya Kulaumu Jiko, Itazame Nyumba

Familia inayochoma makaa ya mawe ndani ya nyumba yake inajua inachokifanya. Mama wa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, anayeamka saa tisa usiku kuongeza makaa kwenye jiko anaujua moshi huo kuliko mtaalamu yeyote anayekuja na vipimo, maana ndiye anayeufuta kwenye vyombo asubuhi na ndiye anayembeba mtoto kwenda hospitali kifua kikibana. Anaongeza makaa kwa sababu nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, na moto ukizimika maji ya kwenye ndoo yataganda kabla hakujapambazuka. Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye miguno yake.

Naanzia hapo kwa sababu sera nyingi za kupambana na majiko haya zimeandikwa kana kwamba tatizo ni ujinga wa mtumiaji au ubovu wa kifaa chake. Sikubaliani nazo. Jiko dogo la makaa ya mawe ni matokeo ya nyumba isiyoshika joto na ya mfuko usiomudu njia nyingine. Serikali ikibadilisha jiko, au ikibadilisha makaa, ikaiacha nyumba na mfuko vilevile, hatari haiondoki. Inahama tu, wakati mwingine kutoka barabarani kuingia chumba cha kulala. Mongolia imelipa gharama kubwa kujifunza hilo, na ni vyema tukautazama mfano wake kwa makini.

Ulaanbaatar ndio mji mkuu wenye baridi kali kuliko yote duniani. Upo kwenye bonde la mto Tuul, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima. Majira ya baridi, hewa baridi ambayo ni nzito hutuama bondeni, na juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto kidogo linalouzuia moshi usipande. Chochote kinachochomwa humo hubaki humo. Karibu nusu ya watu wote wa Mongolia wanaishi katika mji huo, na zaidi ya nusu ya kaya zake ziko kwenye vitongoji vinavyopanda vilima vya pembezoni, ambako watu wanakaa kwenye ger au kwenye vijumba walivyojijengea. Ger ni hema la duara la wafugaji: fito za mbao, sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, turubai juu yake, na katikati jiko la chuma ambalo bomba lake hutokea kwenye tundu la paa. Nyikani jiko hilo lililishwa kinyesi kikavu cha mifugo. Moto wake ni kitu cha heshima, hautupiwi taka. Mjini kinyesi hakipatikani cha kutosha na kuni ni ghali, lakini makaa ya mawe yapo jirani. Mgodi wa Nalaikh, ulioanza mwaka 1922 na kuwa wa kwanza nchini humo, uko mwendo mfupi wa gari kutoka mjini, na hata baada ya mgodi rasmi kufungwa miaka ya tisini kufuatia mlipuko uliowaua wachimbaji, wananchi waliendelea kuchimba wenyewe na kuuza kwa gunia.

Wengi wa watu hao hawakuhamia mjini kwa kupenda. Mongolia ina janga linaloitwa dzud: majira ya baridi yanapokuwa makali kupita kiasi, barafu na theluji vikafunika malisho, mifugo hufa kwa njaa na baridi. Katika dzud ya 2009 hadi 2010 mifugo ilikufa kwa mamilioni. Mfugaji aliyepoteza kundi lake lote hana tena kinachomweka nyikani. Tangu mwaka 2003 sheria ya ardhi inampa raia haki ya kumilikishwa kiwanja, na katika mji mkuu ukubwa wake ni hadi mita za mraba 700. Basi anakuja, anazungushia uzio wa mbao, anasimamisha ger yake, na akijaliwa anajenga kijumba cha mbao au matofali pembeni. Kiwanja anacho. Bomba la maji hana, mfereji wa majitaka hana, na bomba la joto hana.

Hilo bomba la joto lina habari kubwa ndani yake. Ghorofa za katikati ya Ulaanbaatar hupashwa joto kwa maji ya moto yanayosafirishwa kutoka kwenye mitambo ya umeme, na mitambo hiyo huchoma makaa ya mawe. Katika majengo mengi ya zamani malipo huhesabiwa kwa ukubwa wa nyumba, si kwa joto lililotumika, na ndani hakuna koki ya kupunguza. Matokeo yake ni kwamba Januari, mwezi wa baridi kali kabisa, watu hufungua madirisha kwa sababu chumba kimezidi joto. Mwendo mfupi kutoka hapo, mtu mwingine ananunua makaa kwa gunia, anayapima kwa macho yafike mwisho wa wiki, na analala na koti. Wote wawili wanaishi kwa makaa ya mawe. Moshi wa yule wa kwanza hutoka kwenye dohani ndefu nje ya macho yake. Moshi wa huyu wa pili hutoka mita chache juu ya kitanda cha mtoto wake. Lakini katika mijadala ya umma, huyu wa pili ndiye aliyebebeshwa jina la mchafuzi wa mji. Naliona hilo kuwa dhuluma, na nadhani ndilo kosa la kwanza lililozaa mengine.

Ukubwa wa madhara hauna ubishi. Tarehe 30 Januari 2018, kipimo katika eneo la Bayankhoshuu kilionyesha mikrogramu 3,320 za chembechembe laini, zile ziitwazo PM2.5, katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa wastani wa siku ulikuwa 25 wakati huo, na tangu 2021 umeshushwa hadi 15. Chembechembe hizo ni ndogo kiasi cha kupenya mapafu na kuingia kwenye damu. UNICEF ilitoa ripoti mwaka huohuo ikilieleza jambo hili kama dharura ya afya ya watoto, na kabla ya hapo wazazi wa Ulaanbaatar walikwisha kuandamana kwenye uwanja mkuu wa mji, katikati ya baridi, wakiidai serikali yao hewa. Walikuwa na haki kabisa. Swali ni serikali ilijibu vipi.

Jibu la kwanza lilikuwa jiko. Kuanzia mwaka 2011, kwa fedha za mpango wa Marekani wa Millennium Challenge, majiko bora karibu laki moja yaliuzwa kwa ruzuku katika vitongoji vya ger. Hayakuwa majiko mabaya. Ili kuelewa yalikwama wapi inabidi kwanza kuelewa makaa ya mawe yanavyoungua.

Makaa ghafi yakipata joto hutoa kwanza mvuke wa lami na gesi zinazowaka. Zikikutana na moto mkali zinaungua na kuwa joto. Zikikutana na jiko la baridi, au zikifunikwa na makaa mapya, hutoka bila kuungua, na huo ndio moshi mzito wa manjano unaouona bombani. Kwa hiyo jiko la makaa halitoi moshi kwa kiwango kimoja saa zote: sehemu kubwa hutoka wakati wa kuwasha na wakati wa kuongeza. Majiko mapya yalitengenezwa yajazwe makaa mara moja kisha yawashwe kwa juu, ili gesi zinazopanda zipite kwenye moto na kuungua. Kwenye maabara yalifanya kazi vizuri sana.

Kwenye maabara, lakini, hakuna anayeamka saa tisa usiku. Nyumba inayovuja joto haiwezi kusubiri mzigo mmoja wa makaa uishe taratibu, upoe, ujazwe upya, uwashwe kwa juu. Moto ukianza kushuka, baridi iko ndani tayari, na mwenye nyumba anatupia makaa mabichi juu ya kaa la moto. Hapo faida yote ya jiko inapotea, moshi unarudi uleule. Wataalamu wengine waliwalaumu watumiaji kwamba hawakufuata maelekezo. Mimi nasema jiko lilibuniwa kwa ajili ya nyumba ambayo watumiaji hawakuwa nayo.

Jibu la pili lilikuwa kuwazuia watu. Januari 2017 mamlaka za mji zilipiga marufuku watu kutoka mikoani kuhamia Ulaanbaatar, kana kwamba mtu aliyepoteza mifugo yake yote atasubiri kibali. Zuio hilo lilikuja kuondolewa miaka michache baadaye na sina haja ya kulijadili zaidi.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua hadi leo. Tarehe 15 Mei 2019 uchomaji wa makaa ghafi ulipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya mji. Badala yake kampuni ya serikali, Tavan Tolgoi Tulsh, ikaanza kuuza vitofali vya makaa yaliyosindikwa, kwa bei ya ruzuku. Vitofali hivi vina gesi kidogo ya kutoa moshi na hukaa na moto muda mrefu. Majira ya baridi yalipoanza, moshi ulipungua kweli na hewa ya nje ikapata nafuu ambayo mtu aliweza kuiona kwa macho. Lakini katika wiki za kwanza tu za msimu huo, watu kadhaa walikufa na mamia wakakimbizwa hospitali. Walikuwa wamevuta kaboni monoksidi wakiwa wamelala.

Hapa lazima tuende polepole, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu hata sisi tusiojua theluji. Makaa yakishamaliza kutoa moshi na kubaki kaa jekundu, kinachoungua ni kaboni tupu. Kaboni ikipata hewa ya kutosha hutoa kabonidioksidi; ikikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Inaposhuka mapafuni hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na uchovu, hulala, na asipofunguliwa mlango haamki. Maana yake ni kwamba wakati moto unapoonekana safi kuliko wakati wote ndipo unapoweza kuua kimyakimya kuliko wakati wote.

Sasa weka vitofali hivyo kwenye ger ya familia ya Ulaanbaatar. Jiko ni la zamani, limeungwaungwa. Bomba limejaa masizi ya miaka ya makaa ghafi. Mwenye nyumba amezoea kwamba moshi ukikoma kuonekana, anafunga mlango wa hewa wa jiko ili makaa yakae hadi asubuhi, kwa sababu makaa ni fedha na joto halipaswi kupotelea bombani. Kwa makaa ghafi desturi hiyo ilikuwa ya hatari, ila moshi ulimkohoza na kumwamsha. Kwa kitofali kisicho na moshi, kengele hiyo haikuwepo. Serikali ikaja baadaye na vifaa vya kutambua gesi hiyo, ikatuma watu wakague mabomba, ikatoa maelekezo ya kuwasha. Yote mazuri. Yote yalipaswa kutangulia gunia la kwanza la vitofali.

Wenye mamlaka walikuwa wakitazama bomba la nje, kwa sababu moshi wa nje ndio uliowaletea maandamano na kuaibisha mji. Mle ndani ya nyumba hapakutazamwa kwa umakini uleule. Na mbele ya macho ya ulimwengu kulikuwa na ushahidi wa zamani wa kinyume chake. Huko Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China, wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa viwango vya kutisha, kwa sababu walipika na kuota moto kwa makaa yenye moshi mwingi kwenye mashimo ya moto yasiyo na dohani. Familia zilipojenga majiko yenye dohani, hatari ya saratani hiyo ilishuka sana katika miaka iliyofuata. Makaa yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni namna nyumba inavyopumua.

Nataka sasa kuleta mfano wa Afrika, kwa kuwa tukiongelea majiko ya makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto tunadhani ni habari za Asia na Ulaya. Nyanda za juu za Afrika Kusini, zile za Mpumalanga na Gauteng, ziko mita 1,500 hadi 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya sifuri. Chini ya ardhi hiyo ndimo yalimo makaa ya mawe, na mitambo mikubwa ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, imepangana huko. Katika vitongoji vilivyo chini ya dohani za mitambo hiyohiyo, maelfu ya familia huchoma makaa kwenye majiko ya chuma ya kupikia na kwenye imbaula, pipa la bati lililotobolewa matundu. Wengi wana umeme nyumbani. Wanautumia kwa taa na televisheni, lakini jiko la makaa linapika, linachemsha maji ya kuoga na linapasha nyumba nzima kwa mara moja, na hesabu ya kufanya kazi hizo tatu kwa umeme haiingii kwenye mshahara wao.

Huko ndiko ilikotokea mbinu ninayoiheshimu sana, inayoitwa Basa njengo Magogo, yaani washa kama bibi. Badala ya kuweka karatasi na kuni chini na makaa juu, unaweka makaa mengi chini, karatasi na vijiti juu yake, kisha makaa machache kileleni. Ni kanuni ileile ya kuwasha kwa juu niliyoieleza, ila haikuhitaji jiko jipya wala mkopo. Moshi wa kuwashia hupungua kwa kiasi kikubwa na makaa yanayotumika hupungua pia. Ilitoka kwa wanawake wa vitongojini, na serikali ikaitangaza. Hata hivyo haiondoi kaboni monoksidi, na imbaula inayoingizwa chumbani moshi ukishakwisha imeua familia nyingi huko.

Na kwa nini imbaula inaingizwa chumbani? Baada ya 1994 serikali mpya ilijenga nyumba nyingi sana za watu wa kipato cha chini, zile zinazoitwa RDP. Lilikuwa jambo kubwa la heshima kwa watu walionyimwa makazi kwa vizazi. Lakini nyingi zilijengwa bila dari. Bati juu, ukuta mwembamba wa matofali, basi. Joto lolote linalozalishwa humo hupanda na kutoka, na kupasha nyumba ya namna hiyo ni kutekea maji pakacha. Mtu wa RDP hununua makaa mara nyingi zaidi ya ambavyo angenunua kama mjenzi angemwekea dari siku ya kwanza. Viwango vya nyumba hizo vilirekebishwa mwaka 2014, na katika mji mdogo wa KwaDela, Mpumalanga, kampuni ya Sasol iliendesha mradi ulioanza na nyumba zenyewe, kuziwekea dari na vihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke, kama njia ya kupunguza moshi wa kitongoji. Hilo ndilo wazo ninalolitetea. Fedha zilizoingia kwenye dari zinafanya kazi kila usiku wa baridi, haziombi maelekezo ya matumizi, na hazimdai mwenye nyumba chochote mwezi unaofuata.

Upande wa pili wa hoja uko wazi, na ni wa haki: dari na vihami joto ni gharama kubwa, na watu wanaumwa sasa hivi. Marufuku inafanya kazi haraka. Ndiyo, inafanya kazi haraka kwa sababu gharama yake hailipwi na anayeitangaza. Majira ya baridi ya mwaka 2017 serikali ya China iliharakisha kuondoa majiko ya makaa kaskazini mwa nchi ili kusafisha hewa ya Beijing na miji ya jirani. Majiko yaling'olewa katika sehemu ambazo mabomba ya gesi yalikuwa hayajakamilika. Katika wilaya ya Quyang, mkoa wa Hebei, wanafunzi wa shule za msingi walisomea nje uwanjani kwa sababu juani palikuwa na joto kuliko darasani. Desemba ya mwaka huo wakubwa wa mazingira wakalazimika kuagiza kwamba mahali ambapo mbadala haujafika, watu waruhusiwe kurudi kwenye makaa.

Linganisha na Kraków, Poland. Mji huo nao uko bondeni, nao ulikuwa na maelfu ya majiko ya makaa katika nyumba za zamani, nao ulikuwa na wananchi waliochoka na kuunda vuguvugu la kudai hewa safi mwaka 2012. Uamuzi wa kwanza wa kupiga marufuku, wa 2013, ulitenguliwa na mahakama. Ikabidi sheria ya nchi ibadilishwe kwanza, uamuzi mpya ukapitishwa Januari 2016, na marufuku yenyewe ikaanza 1 Septemba 2019. Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo iliyookoa mpango. Mji ulitoa ruzuku ya kubadilisha jiko kuwa mfumo wa gesi, umeme au bomba la joto la mji, kubwa zaidi kwa waliowahi na ndogo kwa waliochelewa. Na jambo ambalo watunga sera wengi hulisahau: wenye kipato kidogo walipewa msaada wa kulipia ile tofauti ya bili, maana mtu anaweza kupewa mfumo mpya bure akashindwa kuuwasha. Kufikia siku ya marufuku, majiko mengi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Kraków bado inapokea moshi wa miji midogo inayoizunguka, ambako makaa yaliendelea kuruhusiwa, kwa hiyo sisemi kazi imekwisha.

Najua Kraków ilikuwa na fedha za Ulaya na Mongolia haina. Ila nikiisoma mifano hii kwa pamoja, kinachonigusa ni mpangilio kuliko kiasi. Mongolia nayo ilitumia fedha nyingi: za majiko, za vitofali, za ruzuku ya umeme wa usiku kwa vitongoji vya ger. Ruzuku hiyo ya umeme ilikuwa wazo zuri, lakini hita ya umeme kwenye nyumba inayovuja hula umeme usiku kucha bila kuridhisha, na nyaya za vitongojini hazikujengwa kubeba mzigo huo. Ukianza na kuta na paa, hita ndogo inatosha, nyaya zinavumilia, na hata yule atakayebaki na jiko la makaa kwa miaka mingine kumi atachoma machache, ataongeza mara chache na hatalazimika kufunga mlango wa hewa ili makaa yafike asubuhi.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa kiungo kipo na kinapita kwenye jambo linaloendelea hivi sasa. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Sambamba na juhudi hizo, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limekuwa likizalisha mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Nia yake ni kuokoa misitu, na misitu yetu inahitaji kuokolewa; mtu yeyote aliyepita kwenye vituo vya kuuza mkaa njia ya kuelekea Morogoro anajua. Sina ugomvi na lengo hilo.

Ninachotaka ni tusirudie njia ya Ulaanbaatar kwa miguu yetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2014, lilisema makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa majumbani. Kusindika kunapunguza moshi, na hilo ni jema kwa macho na kifua cha mpishi. Lakini kitofali kisicho na moshi bado ni kaboni inayoungua, na kwenye chumba kilichofungwa kitatoa gesi ileile iliyowaua watu wa Ulaanbaatar mwaka 2019. Sifa ya "hakitoi moshi" ikisimama peke yake bila onyo, mnunuzi ataielewa kuwa hakina madhara.

Na nyumba zenye baridi tunazo. Kitulo na Makete kuna sakitu mwezi Juni na Julai. Njombe, Mufindi, Lushoto, na ng'ambo ya mpaka Limuru na Kinangop, jioni watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango, wanaziba mwanya wa dirisha kwa nguo. Karibu kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani, jiko likiwa pembeni ya kitanda. Imani iliyozoeleka ni kwamba jiko likishakolea na moshi kuisha, ni salama kulala nalo. Imani hiyo ni ya kuua, na inahusu mkaa wa miti sawasawa na mkaa wa Kiwira. Kitofali kinachokaa na moto muda mrefu zaidi kitafurahisha zaidi usiku wa baridi, kwa hiyo kitaingizwa chumbani zaidi.

Halmashauri za maeneo hayo ya baridi zina mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao. Zinapojenga nyumba za walimu na wauguzi, au kupitisha ramani za nyumba za wananchi, dari isiachwe kuwa kitu cha awamu ya pili ambayo huwa haifiki, na kila chumba kiwe na tundu la hewa lililo juu, lisiloweza kuzibwa na kitambaa. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba wakizungumzia uzazi na chanjo, waongezewe dalili za sumu ya kaboni monoksidi: kichwa kikiuma nyumba nzima kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kwa wazalishaji wa mkaa mbadala, wa serikali na wa binafsi, ombi langu halihitaji bajeti. Gunia liandikwe upande wa mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa sawa na zile za jina la bidhaa: usilale nalo chumbani, hata kama halitoi moshi. Na lifanyike kabla ya Juni ijayo.